Mto Ganga na Heshima Yake

Katika Bara Hindi hapana mto upendwao kama mto Ganga. Chanzo chake ni kaskazini, katika milima ya Himalaya, mahali paitwapo Gaumukh, maana yake kinywa cha ng'ombe. Hapo, yapata futi 13,000 juu ya bahari, maji baridi hutoka chini ya barafu kuu, na mto huanza safari yake kwa jina la Bhagirathi. Ufikapo Devprayag hukutana na mto Alaknanda, na tangu hapo huitwa Ganga. Penye mji wa Haridwar huiacha milima na kuingia katika nchi tambarare yenye rutuba, ukapita Kanpur, Prayagraj na Varanasi. Mwisho huingia Bangladesh, na huko huitwa Padma, hata maji yake yakafika katika Ghuba ya Bengal. Safari hiyo yote ni zaidi ya maili 1,500, na watu waishio katika bonde lake wapita milioni 400.

Wahindu husimulia kwamba hapo kale Ganga alikaa mbinguni. Mfalme mmoja, jina lake Bhagiratha, alitaka majivu ya wazee wake yatakaswe, akaomba sana hata Ganga akakubali kushuka. Lakini nguvu za maji zingaliivunja nchi; basi mungu wao Shiva akayapokea kwa nywele zake, yakateremka polepole. Ndiyo sababu mto huo humwita Mama, huoga humo ili waondolewe dhambi, na humo hutia majivu ya wafu wao.

Wako watu wasikiao habari hizi wakacheka. Hao wamekosa adabu. Mkristo hausujudii mto, wala hasadiki kwamba maji ya mto huosha dhambi. Walakini haimpasi kumdharau mwenziwe kwa jambo alipendalo kuliko yote. Tena mwenye kucheka hulipita swali lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: Yawezekanaje mto upendwao hivi uchafuliwe hivi? Maana mitaro ya miji humwaga humo uchafu wa vyoo, na viwanda vya ngozi vya Kanpur vimemwaga humo maji yenye sumu. Mwaka 1986 serikali ilianza kazi kubwa ya kuusafisha, na mwaka 2014 ikaanza nyingine, wala kazi haijaisha.

Wengine hujibu ya kuwa Ganga ni mtakatifu, basi hauwezi kutiwa unajisi. Jibu hilo ndilo liletalo hasara. Maradhi ya tumbo hayamwulizi mtu dini yake. Mtoto anywaye maji yenye vijidudu huugua, ajapokuwa mzazi wake ameyasalia maji yale asubuhi na jioni.

Katika mji wa Varanasi alikuwako mtu aliyelifahamu jambo hili vema, naye ni Veer Bhadra Mishra. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan, na papo hapo alikuwa mwalimu wa uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha mji ule. Alikuwa na desturi ya kushuka mtoni alfajiri kuoga, kama dini yake ilivyomwamuru; na elimu yake ilimwonyesha yaliyomo katika maji yale. Hakuiacha dini yake, wala hakuificha elimu yake. Mwaka 1982 alianzisha chama cha kuutetea mto, maji yakapimwa, na matokeo yakatangazwa. Serikali ilipojenga mitambo ya umeme ya kuvuta maji machafu, alionya kwamba umeme ukikatika uchafu utarudi mtoni. Na ndivyo ilivyokuwa. Aliifanya kazi hiyo hata alipokufa mwaka 2013.

Mtu huyo ni mfano mwema kuliko wenye kucheka, na kuliko wenye kusifu tu. Mwenye kusema, "Huyu ni mama yangu," kisha akamtupia taka mlangoni, hajamheshimu. Heshima ya kweli huonekana kwa mikono: kuchimba choo mbali na maji, kuziba mtaro mbaya, na kusema kweli hata kama wakubwa hawapendi kuisikia. Mto hauna kinywa cha kushitaki. Basi hauna budi kusemewa na wale wanywao maji yake.