Mkeka haumrudishi mama watoto

Jumamosi usiku utamkuta kwenye kibanda cha mpira. Hapigi kelele kama wenzake. Macho yake yako zaidi kwenye simu kuliko kwenye runinga, kwa sababu mechi inayomhusu haionyeshwi hapo. Inachezwa katika ligi daraja la pili la nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Mechi tisa zimetiki, imebaki moja. Dakika ya 88 wageni wanasawazisha. Mkeka wake wa kubeti umechanika. Anazima simu, anainuka, anaondoka bila kuaga.

Baba wa aina hii mitaa ya Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya inamjua. Alianza na hela ya vocha, ikafuata ada ya shule, mwisho ikaondoka kodi ya nyumba. Mama watoto alivumilia mpaka siku mwenye nyumba alipogonga mlango, ndipo mama akafunga mizigo na kurudi kwao na watoto. Sasa baba huyu habeti kwa kupenda mpira. Anatafuta kodi ya miezi sita, apange upya, akawafuate wanawe. Kichwani mwake hiyo si kamari tena, ni wajibu wa baba.

Hapo ndipo anapotutisha. Anayebeti kwa starehe, hela ikiisha huenda kulala. Huyu kila anachopoteza kinampa sababu mpya ya kubeti kesho.

Tumpigie hesabu. Tuseme chumba na sebule ni 80,000 kwa mwezi, miezi sita ni 480,000. Anaweka 10,000 kwenye mechi kumi, kila moja odi 1.5. Zikitiki zote anapata 576,000 na ushei, kabla ya kukatwa kodi ya serikali. Sasa tuzipe timu zake zote nafasi mbili kati ya tatu za kushinda. Mkeka kama huo hutiki mara moja katika mikeka kama 58, na mikeka 58 ya 10,000 ni 580,000. Yaani atoe kodi ya nyumba ili aipate kodi ya nyumba! Na hapo tumemhurumia, maana kampuni hupanga odi ndogo kuliko nafasi halisi ya timu. Tofauti hiyo ndiyo chakula chake.

Wapo watakaosema ni mtu mzima, ajizuie mwenyewe. Aliyekula ada ya mwanawe ana hatia, hatumtetei. Lakini akijifungia kwenye kampuni moja leo, asubuhi atafungua akaunti kwenye nyingine na kupokelewa kwa bonasi. Akiishiwa saa saba usiku, mkopo wa simu uko hapohapo kiganjani, kwenye simu ileile anayobetia.

Uingereza tangu 2018 wana mfumo uitwao GAMSTOP. Mtu hujiandikisha mara moja tu, akafungiwa na kampuni za kubeti mtandaoni, na tangu 2020 kila yenye leseni inalazimika kuwamo. Mwaka huohuo wakapiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo. Sisi hatuna sababu ya kushindwa. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na leo laini ya simu ina jina la mtu na namba yake ya NIDA. Kumfungia aliyeomba kufungiwa, kwenye laini zake zote na kampuni zote, ni kazi inayowezekana.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na Benki Kuu wakae meza moja, watoe orodha moja ya waliojifungia, na wazuie hela ya mkopo wa simu isiende kubeti.

Nawe baba unayesoma haya huku Jumamosi inakaribia: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mabaraza ya usuluhishi, na kabla ya baraza kuna wazee. Baba mkwe hatakudai kodi ya miezi sita mlangoni. Atakuuliza kama umeacha. Nauli ya kwenda ukweni unayo. Ni ile 10,000 uliyoitenga kwa ajili ya mkeka.