Tangi la Petroli Ni Saa, Si Ghala

Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nina hasira tu, na hasira yenyewe ni ya tangi la petroli.

Mjomba wangu wa Makueni analima nyanya karibu na mto Kaiti. Kama mito mingi ya huko na ya kwetu Kitui, mto huo hubaki mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, maji yakiwa yamejificha chini. Alichimba kisima kando ya mchanga, akaenda dukani kununua pampu. Muuzaji akamwambia: "Mzee, chukua hii yenye tangi kubwa. Unajaza asubuhi, unasahau."

Akachukua. Akajaza. Akasahau. Kisima kikaisha maji, injini ikaendelea kunguruma, pampu ikazunguka kavu mpaka sili ikaungua. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Sili mpya ilipopatikana, maua yote yalikuwa chini.

Sasa niseme wazi. Kosa si la mjomba. Kosa ni la imani iliyozagaa madukani, na hata kwetu sisi tuliosoma kompyuta, kwamba tangi ni ghala, na ghala kubwa ndilo bora. Si kweli. Tangi ni saa. Petroli unayomimina ndiyo dakika unazoipa injini. Ukimimina bila hesabu, umeandika programu isiyo na mahali pa kusimama.

Wanaolijua jambo hili vizuri kuliko wote ni watu wanaocheza na ndege ndogo za kuigiza, zile zinazozungushwa kwa nyaya mbili za chuma. Mchezo huu ulienezwa na Jim Walker wa Marekani tangu miaka ya 1940. Rubani anasimama katikati, ndege inamzunguka, naye anaipindua na kuibirua angani. Kwa kawaida injini haina namna ya kuzimwa ikiwa juu. Itazima mafuta yakiisha, basi. Katika mashindano ya kimataifa una dakika 7 za kumaliza kila kitu na kutua. Tangi likiwa dogo, ndege inazima katikati ya mchezo. Likiwa kubwa, unaendelea kuzunguka huku kizunguzungu kikikushika na alama zikipotea. Kwa hiyo hakuna anayeuliza "tangi kubwa ni lipi?" Wanapima mafuta kwa mililita, wanarusha, wanatazama saa, wanapunguza au kuongeza.

Turudi mtoni. Chukua injini inayojulikana sana, Honda GX160. Tangi lake ni lita 3.1, na ikifanya kazi kwa nguvu inakunywa kama lita 1.4 kwa saa. Yaani ukijaza, itakimbia saa 2 na zaidi. Sasa tuseme kisima chako kina lita 6,000 na pampu inavuta lita 300 kwa dakika. Maji yataisha kwa dakika 20! Dakika hizo zinahitaji chini ya nusu lita ya petroli. Zaidi ya saa moja na nusu iliyobaki, unalipia petroli ya kuunguza pampu yako mwenyewe.

Najua wenzangu wa kompyuta mtasema nini: "Weka kihisi cha maji, kitume ujumbe kwa simu." Nami nilisema hivyo hivyo. Baada ya sili kuungua nilitengeneza kifaa hicho, nikakipeleka Makueni nikijiona mkombozi. Kule chini kwenye ukingo wa mto hakuna mtandao. Ujumbe ulimfikia mjomba alipopanda kilimani jioni, maji yakiwa yameisha tangu asubuhi. Nilipewa chai, nikarudi na kifaa changu.

Wengine mtasema anunue pampu ya sola. Sawa, nyingi zinajizima maji yakiisha, na mwenye uwezo anunue. Lakini mwenye pampu ya petroli leo ana mboga za kumwagilia leo.

Basi fanya hivi. Weka pampu mahali palipo sawa, pale pale kila siku. Tangi likiwa tupu na injini imepoa, mimina mililita 200 kwa jagi la kupimia la petroli pekee (si chupa ya soda, mtoto ataiona kinywaji). Washa kwa mwendo wako wa kawaida, simama hapo hapo, hesabu dakika mpaka izime. Kama inakunywa lita 1.4 kwa saa, utapata dakika 8 na nusu hivi. Kisha pima kisima kinachukua dakika ngapi mpaka maji yakaribie kichujio cha mpira wa kufyonzea, na zima kabla hayajafika. Punguza dakika chache za tahadhari, kisha piga hesabu ya petroli. Rudia kipimo kila mwezi, maana kisima cha Septemba si kisima cha Desemba baada ya mvua.

Angalizo mawili. Hii ni kwa petroli tu. Dizeli usiiache iishe, hewa itaingia kwenye njia ya mafuta na utamtafuta fundi. Pili, ukiona maji yameshuka mbali usiteremshe injini kisimani. Moshi wake unaua kimya kimya.

Sisemi tangi kubwa ni baya. Anayevuta kutoka Athi wenye maji mengi, alijaze. Lakini kwa wanaotegemea visima vya mchanga, kuwauzia "jaza usahau" ni kuwauzia hasara. Muuzaji, kabla ya kusifu tangi, muulize mteja swali moja: kisima chako kinaisha kwa dakika ngapi?

Siku hizi mjomba ana jagi lenye mstari wa rangi nyekundu kwenye mililita 400. Halina betri, halihitaji mtandao, na tangu aanze kulitumia sili haijaungua tena. Ndiyo programu bora niliyowahi kumwandikia.