Kabla ya Polishi, Inama Uangalie Chini

Wanachuo wenzangu, wachache wetu tuna magari, ila wengi tunaota Celica au Impreza ya miaka ya tisini. Ukiipata hapa Dar es Salaam, pesa ya kwanza isiende kwenye rimu na rangi mpya. Adui wa gari la spoti la zamani ni kutu.

Nasomea ualimu wa kemia, na jaribio la misumari la sekondari linatosha: chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu, ukiongeza chumvi, kinaoza haraka zaidi. Sisi upepo wetu wenyewe una chumvi ya bahari.

Kupiga rangi juu ya kutu ni kumpaka mgonjwa wanja. Kutu inaendelea kula kimyakimya, rangi inavimba, mwisho jeki inapenya sakafu. Fundi akwangue mpaka chuma king'ae, apige praima, ndipo rangi.

Wewe kazi yako ni ndogo: mwagia maji safi chini ya gari na ndani ya matao ya matairi. Zibua vitundu vya chini ya milango. Vikijaa mchanga, maji yanatuama na mlango unaoza kuanzia ndani. Usilifunike na nailoni likiwa limelowa. Nta paka mwisho.

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Matope hayakuiweza, lakini nyingi zimemalizwa na kutu zikiwa zimeegeshwa.

Kung'aa leo rahisi, jamani. Fainali uzeeni.