Homa ya Mzee Haichemki

Kama mama yako mzee amekataa chai tangu asubuhi, amelala saa ambayo kwa kawaida yuko barazani akisuka ukili, na ukimwuliza jambo anajibu jingine, usiseme "ni uzee tu". Ukimgusa, huenda usikute joto. Mpeleke kituo cha afya leo hii, usingoje kupambazuke.

Kidingapopo na chikungunya, homa za virusi vinavyoenezwa na mbu, zikiingia mtaani, kijana hujulikana mapema: anatetemeka, kichwa kinampasuka, viungo vinamkaza. Mzee huweza kuugua kimyakimya, akawa mnyonge tu, akapotewa na fahamu kidogo au akaanguka akienda msalani. Homa ni kazi ya kinga ya mwili, na kinga ya mzee imechoka. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi, ambayo hukomaza baadhi ya chembe za kupambana na maradhi mapya. Tezi hiyo huanza kusinyaa tungali vijana, na uzeeni hubaki kidogo sana. Virusi vigeni vikiingia, mwili huchelewa kuvitambua, navyo huzidi kuzaana. Hapo hapo kuna presha, kisukari, figo zilizolegea na moyo usiostahimili kishindo.

Pwani tumeshayaona haya. Mwaka 2004 chikungunya ilipopiga Lamu, ilikadiriwa kwamba watu 3 kati ya 4 waliambukizwa. Nao ulikuwa wakati wa ukame! Maji yalikuwa haba, watu wakayaweka akiba majumbani, na mbu aina ya Aedes akataga humo humo. Mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Ngazija na visiwa jirani, kisha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya wakazi waliugua. Wengi wa waliokufa huko walikuwa wazee. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hakuna mvua, hakuna mbu.

Chandarua cha usiku pekee hakimkingi mzee. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, saa zile zile babu anapokaa nje kupunga upepo, miguu wazi.

Lililo hatari zaidi kwa kidingapopo huja pale familia inapopumua. Siku ya tatu hadi ya saba homa hushuka, watu husema "alhamdulillahi, amepoa", na ndipo maji ya damu yanapoweza kuanza kuvuja nje ya mishipa. Tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, fizi zinatoka damu, choo kinakuwa cheusi, mikono inakuwa baridi, anahangaika kitandani. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, usimalizie usiku nyumbani. Kijana huweza kustahimili saa kadhaa ambazo mzee hana.

Na dawa, jamani. Kipimo cha malaria kikionyesha hana, wengi hukimbilia duka la dawa na kurudi na diklofenaki au aibuprofeni kwa ajili ya viungo. Mpaka daktari ahakikishe kwamba si kidingapopo, msimpe hizo: huongeza hatari ya kutokwa damu na huumiza figo. Parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa inatosha. Ikiwa anameza aspirini ya moyo au dawa za presha, zibebeni zote mkienda hospitali, daktari aamue ipi isimame. Msimtundikie dripu mtaani pia. Maji yakipungua mwilini mzee huweza kufa, yakizidi moyo hushindwa na mapafu hujaa. Anahitaji mtu wa kumpima saa baada ya saa.

Chikungunya huua mara chache zaidi, lakini jina lake la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, halikutolewa bure. Maumivu ya viungo huweza kukaa miezi, hata miaka, na mzee aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake akaishia kitandani.

Nyumba za kale za Lamu zilifuga visamaki ndani ya birika ili vimeze viluwiluwi vya mbu. Sisi tuna mapipa, ndoo, matairi na vifuu vilivyotupwa uani. Leo, kabla ya magharibi, nenda kwa wazee wako: mwaga maji yaliyotuama, sugua kuta za pipa kwa brashi maana mayai hunata hapo, lifunike vizuri, na umvishe babu soksi na nguo ya mikono mirefu anapotoka barazani. Kesho asubuhi mpigie simu umwulize amekula nini.