Kidau, Kalamu na Lauhi



Wapenzi wasomaji wetu, Mola Mtukufu ameapa kwa kalamu mwanzoni mwa sura ya 68, na sura hiyo ikaitwa kwa jina la kalamu. Na katika aya za mwanzo kuteremshwa, zilizomo ndani ya Suratul Alaq, twaelezwa kuwa Yeye ndiye aliyemfunza mwanadamu kwa kalamu. Chombo kilichotukuzwa kiasi hicho hakistahili kutupwa mvunguni. Juma hili basi twapenda kuizungumza kalamu pamoja na jamaa zake wawili, kidau na lauhi, kwa namna wanavyovijua ndugu zetu wa Garissa na Kaskazini Mashariki.

Huko chuo cha Qur'ani huitwa duksi, na tangu zamani maalim wa duksi amehama na wafugaji na wanyama wao. Mtoto huanzia kwenye lauhi ya mbao, ambayo Wasomali huiita loox. Kalamu yake ni kijiti kilichochongwa ncha. Wino wake ni makaa yaliyosagwa, maji na gundi. Gundi hiyo hutoka katika mgunga uitwao cadaad, unaomea katika nyika za Garissa, Wajir na Mandera. Wakati wa kiangazi gome lake hutoa matone ya rangi ya asali, nayo hukauka yakawa magumu. Wenyeji huyachuma na kuyauza, na viwanda vya ng'ambo huyatia katika soda tunazokunywa.

Tazameni hekima ya wino huu. Weusi wa makaa haupauki kwa jua. Gundi huushika juu ya mbao usipeperuke, lakini maji yakipita, gundi huyeyuka na maandishi huondoka. Wino hudumu kadiri somo linavyohitaji.

Wino nao wahitaji nyumba, na nyumba yake ni kidau. Udongo wa kufinyanga si kitu kigeni katika nchi hizi. Katika miaka ya 1980 wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mark Horton, walifukua mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate. Walikuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8, na pamoja nayo vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu. Ufinyanzi wa namna hiyo umepewa na wataalamu jina la Tana, mto ule ule upitao Garissa. Waislamu wa kwanza wa pwani yetu, basi, walipikia na kunywea udongo uliofinyangwa na mikono ya wenyeji.

Na kazi ya mfinyanzi ni darsa. Chungu kibichi hakitiwi motoni siku kilipofinyangwa. Huachwa kivulini kikauke polepole, kwani maji yaliyojificha ndani yakikutana na moto hugeuka mvuke, na mvuke hukipasua chombo. Mwenye haraka huvuna vigae.

Hata Wajapani, walio mbali nasi kwa nchi na kwa dini, wamelijua jambo hili. Wino wao wa asili ni masizi na gundi pia, ila gundi yao hutokana na wanyama. Huusugua juu ya jiwe, na maji huyadondosha kwa kichombo kidogo cha kauri kiwekwacho mezani kwa mwandishi. Katika nchi ya Bizen wafinyanzi huchoma vyombo kwa kuni za msonobari mchana na usiku, siku kumi na zaidi, bila kuvipaka rangi. Alama iliyoachwa na moto ndiyo pambo lake. Watu hao hawakuona taabu kukitumikia chombo cha kalamu. Je, sisi ambao kalamu imeapiwa katika Kitabu chetu?

Twasema haya kwa kuwa lauhi yaanza kuonekana kama alama ya ufukara. Familia ihamiapo mjini, mtoto hupewa juzuu iliyochapishwa, au simu yenye sauti ya msomaji. Hatuzilaumu, juzuu ni neema, na sauti nzuri ni msaada. Lakini juzuu humruhusu mtoto kufunua ukurasa wa kesho ilhali wa leo haujakaa moyoni. Lauhi haimruhusu. Ubao ni mmoja, na somo jipya halina pa kuandikwa mpaka la jana lihifadhiwe, lisomwe mbele ya maalim, kisha lioshwe. Na maji yake humwagwa mahali safi pasipokanyagwa, kwa heshima ya maneno yaliyoandikwa.

Wazazi wengi siku hizi huulizana, "Mwanao amefika juzuu ya ngapi?" Ni wachache waulizao amehifadhi nini, na mkono wake waandika vipi. Mtoto anayesukumwa ili jirani asikie ni kama chungu kilichotiwa motoni na maji ndani. Twaogopa mpasuko wake, nao mara nyingi hudhihiri baadaye, pale kijana anapokichukia chuo na yote aliyofunzwa humo.

Enyi mama zetu, hatuwaombi gharama, nasi twajua ukame ulivyowaelemea watu wa Kaskazini Mashariki. Makaa yapo jikoni. Gundi yapatikana kwa wauzao ubani na manemane. Mkalisheni mtoto asage, achanganye, achonge kalamu yake mwenyewe. Mtoto aliyeutengeneza wino kwa mkono wake hataumwaga kwa mchezo. Na siku atakapokhitimu, badala ya kumnunulia kikopo cha plastiki cha kutilia kalamu, mwendeeni mama mfinyanzi, mumwagizie kidau au kikombe cha udongo chenye kitako kizito kisichopinduka. Mtoto atapata tunzo ya kukaa nayo, na mama yule atapata riziki ya halali.

Katika Suratur Rahman tumekumbushwa kuwa mwanadamu aliumbwa kwa udongo mkavu kama wa mfinyanzi. Basi na tuwalee watoto wetu kwa subira ya mfinyanzi. Twamuomba Allah awape elimu yenye manufaa, na awateremshie ndugu zetu wa Kaskazini Mashariki mvua ya rehema. Amin.

Wabillahi tawfiq.