Uamuzi uliomsahau mtoto wa miezi miwili

Tarehe 27 Mei 2025, Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alitoa video isiyofika hata dakika moja. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo chanjo ya korona haimo tena katika orodha ya chanjo zinazopendekezwa kwa watoto wenye afya njema na wajawazito wenye afya njema. Pembeni yake walisimama Marty Makary, mkuu wa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, na Jay Bhattacharya, mkuu wa taasisi za taifa za utafiti wa afya. Kutoka CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, ambacho ndicho chenye orodha yenyewe, hakuwapo mtu. Kamati ya wataalamu wa chanjo, ambayo kwa desturi hukaa hadharani, ikapitia takwimu na kupiga kura kabla ya mstari mmoja kubadilishwa, haikuitwa.

Uamuzi ule ulikuwa mbaya siku ulipotangazwa, na kila kilichofuata kimeuzidisha ubaya. Naandika kuuhusu kutoka huku Afrika Mashariki kwa sababu maneno ya wakubwa wa Washington hayakai Washington. Yanamfikia mama wa Kikongo aliyehamia Marekani kama mkimbizi na sasa ana mimba ya miezi saba, na jioni hiyo hiyo yanaingia katika simu ya dada yake Bukavu.

Kwanza, hofu ya mjamzito kwa magonjwa ya njia ya hewa, mafua makali na korona, si woga wa bure. Ina historia, na historia hiyo ina makaburi. Baada ya janga la mafua la 1918, daktari mmoja wa Marekani, J. W. Harris, alikusanya taarifa za wajawazito 1,350 waliougua. Asilimia 27 kati yao walikufa. Mwaka 1957 likaja janga jingine la mafua, na katika jimbo la Minnesota ikaonekana kwamba nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokufa kwa mafua hayo walikuwa wajawazito. Mwaka 2009 ikaja homa ya mafua ya nguruwe. Wajawazito walikuwa takriban asilimia moja ya watu wote wa Marekani, lakini katika hesabu ya waliouawa na ugonjwa huo walifika asilimia tano. Korona nayo ilipokuja, wodi za uangalizi maalumu zikajaa wanawake wenye matumbo makubwa waliowekewa mashine za kupumulia.

Sababu inajulikana kwa mkunga yeyote. Mfuko wa uzazi unavyokua unausukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, pumzi inakosa nafasi. Wakati huo huo mwili unadai hewa zaidi, kwa kuwa wanaopumua ni wawili. Moyo unasukuma damu nyingi kuliko kawaida. Kinga ya mwili nayo inabadilika namna inavyofanya kazi. Chukua mwanamke asiye na kisukari, asiye na shinikizo la damu, asiyewahi kulazwa. Ni mzima kabisa. Ila mimba yenyewe ndiyo inayomweka karibu na hatari. Ndiyo maana mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walizishauri nchi zinazoanzisha au kupanua chanjo ya mafua ya kila msimu kuwaweka wajawazito mbele ya makundi mengine yote.

Kwa hiyo maneno "wajawazito wenye afya njema" yanapotumika kama sababu ya kuwaondoa, hoja nzima inaanguka. Na Makary mwenyewe alikuwa akilijua hilo. Siku saba kabla ya video ile, tarehe 20 Mei, yeye na mwenzake Vinay Prasad walichapisha makala katika jarida la New England Journal of Medicine, wakaorodhesha hali zinazomweka mtu katika hatari ya kuugua korona vibaya. Mimba ilikuwamo. Wiki moja baadaye akasimama kando ya waziri wake huku mjamzito akiondolewa. Katika video ile hakutajwa utafiti mpya wowote.

Watetezi wa uamuzi wana hoja zao. Wanasema janga limekwisha na watu wengi sasa wana kinga fulani. Ni kweli, na kwa kijana wa miaka ishirini na tano asiye na tatizo lolote hoja hiyo ina uzito. Wanasema Uingereza nayo imeacha kuwapa wajawazito chanjo ya korona. Ni kweli pia, lakini Uingereza ilifika huko kupitia kamati iliyopima gharama na faida na kuchapisha sababu zake, na inaendelea kuwapa wajawazito chanjo ya mafua, ya kifaduro na ya RSV, virusi vya njia ya hewa. Wanasema hakuna majaribio ya kutosha yaliyofanywa kwa wajawazito. Hapa ndipo ninapokerwa. Mwaka 2020 makampuni yalipojaribu chanjo, wajawazito waliwekwa nje ya mlango. Mwaka 2025 wanaambiwa kwamba hawawezi kupendekezewa chanjo kwa kuwa hawakuwamo ndani. Na tangu 2021 wajawazito wengi mno wamechanjwa, wakafuatiliwa katika nchi kama Israel, Scotland, Kanada na Norway, wakajifungua salama. Ushahidi huo upo mezani.

Najua pia jina la thalidomide bado linatisha, na ni haki litishe. Dawa ile iliuzwa kuanzia 1957 hadi 1961, wajawazito wakaimeza kupunguza kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 wakazaliwa na viungo pungufu. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu ofisa mmoja wa FDA, Frances Kelsey, alikataa kuipitisha mpaka aletewe ushahidi wa usalama. Alidai ushahidi, akaupigania. Waliokalia viti mwaka 2025 waliletewa ushahidi wakauweka kando.

Lakini hayo yote, kwangu, ni pembeni. Jambo linalokata shauri ni moja, na katika video ile halikutajwa kabisa. Mtoto wa chini ya miezi sita hana chanjo yake. Chanjo ya mafua haitolewi kwa mtoto wa umri huo, ya korona haitolewi. Hakuna sindano wala matone ambayo daktari wa Boston au wa Dodoma anaweza kumpa kichanga wa wiki nane ili kumkinga na magonjwa hayo mawili. Kinga aliyonayo ni ile aliyotoka nayo tumboni, pamoja na nyongeza anayoipata katika maziwa ya mama.

Kinga hiyo hupita kwenye kondo la nyuma. Mama akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo huvuka kwenda kwa mtoto, zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Mtoto huzaliwa nazo katika damu yake. Hudumu miezi kadhaa, zikipungua taratibu, na miezi hiyo ndiyo ile ambayo hakuna njia nyingine ya kumkinga kwa chanjo. Anayemnyima mama chanjo amewanyima watu wawili, na wa pili hana pa kwenda kuomba.

Hili limepimwa. Mjini Dhaka, Bangladesh, watafiti waliwafuata akina mama 340 na watoto wao. Nusu ya akina mama walipewa chanjo ya mafua wakiwa na mimba, nusu wakapewa chanjo nyingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watoto wa akina mama waliochanjwa mafua waliugua mafua yaliyothibitishwa maabara pungufu kwa asilimia 63. Huko Soweto, Afrika Kusini, utafiti mkubwa zaidi wa wajawazito zaidi ya 2,000 wasio na virusi vya UKIMWI ulichapishwa mwaka 2014 na kuonyesha kwamba chanjo ilipunguza mafua kwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto. Haya ni majaribio kamili ya kisayansi, ya wanawake wenye mimba, na moja limefanyika katika bara letu. Kwa upande wa korona, takwimu za CDC yenyewe kuhusu watoto wa chini ya miezi sita waliolazwa kati ya 2022 na 2024 zilionyesha kuwa zaidi ya mmoja kati ya watano aliingizwa wodi ya uangalizi maalumu, na wengi wa watoto waliolazwa mama zao hawakuwa wamechanjwa wakati wa mimba.

Aliyewahi kukesha na kichanga mwenye mafua anajua namba hizo zina sura gani. Mtoto wa umri huo hupumua kwa pua. Pua ikiziba hawezi kunyonya; anashika titi, anaachia, analia kwa sauti iliyokauka, anashika tena. Ukimfunua kifua unaona mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Anachoka kabla hajashiba. Mama anampakata wima usiku kucha kwa sababu akimlaza anakoroma. Kuna watoto wanaotoka hapo wakapona, na kuna wanaoishia kwenye mtungi wa oksijeni, kama mtungi upo.

Wala kumkinga mtoto kwa kumchanja mama si elimu ya kigeni kwetu. Kila mama aliyewahi kuhudhuria kliniki Tanzania, Kenya au Kongo anaijua sindano ya pepopunda. Nesi anamchoma begani, anaandika tarehe kwenye kadi, anamwambia lini arudi. Sindano ile inamlinda mama pia, lakini zaidi inamlinda mtoto ambaye kitovu chake kitakatwa miezi michache baadaye, labda nyumbani, labda kwa wembe usiochemshwa. Kwa njia hiyo hiyo ya kingamwili kupita kwenye kondo la nyuma, pamoja na uzazi salama, Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na vichanga kama tatizo la afya ya jamii, na Kenya mwaka 2018. Bibi zetu walizika watoto wa siku saba waliokakamaa. Wajukuu zao hawaujui ugonjwa huo.

Na hatujasahau gharama ya kumtoa mjamzito katika hesabu. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018, chanjo ilikuwepo, lakini wajawazito na wanaonyonyesha walizuiwa kuipata hadi utaratibu ulipobadilishwa mwaka 2019, ilhali Ebola kwa mjamzito ni hukumu nzito, hasa kwa mtoto aliye tumboni. Watu wa Beni na Butembo waliona majirani wakichanjwa na mwenye mimba akirudishwa nyumbani.

Sasa angalia kilichofuata. Baada ya tangazo la Mei 2025, jedwali la CDC halikuandika kwamba chanjo ni hatari kwa mjamzito. Katika safu ya wajawazito liliandika kwamba hakuna mwongozo. Mwanamke alikwenda kwa mfamasia akauliza, na mfamasia hakuwa na cha kumjibu. Vyama vya madaktari vilifungua kesi Julai. Chama cha madaktari wa uzazi, ACOG, kilitoa mwongozo wake Agosti kikirudia kwamba mjamzito achanjwe korona, mafua na RSV. Basi mama akabaki kati ya daktari wake na serikali yake, mimba ikikua, msimu wa mafua ukiingia.

Kisha tarehe 22 Septemba, katika Ikulu ya Marekani, Rais Donald Trump, Kennedy akiwa naye, akawaambia wajawazito wasitumie Tylenol, yaani paracetamol, dawa ambayo katika kila duka la mtaani kwetu inauzwa kwa jina la Panadol, kwa madai kwamba inahusiana na usonji. Wakipata homa, wajikaze. Utafiti wa Sweden wa watoto karibu milioni 2.5, uliochapishwa mwaka 2024, ulipowalinganisha ndugu wa tumbo moja haukuona uhusiano huo. Tena homa kali katika wiki za mwanzo za mimba inahusishwa yenyewe na watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Hapa subira yangu inaisha. Mwezi Mei wamemwondolea mwanamke kinga ya ugonjwa, Septemba wanamkataza dawa ya kushusha homa ya ugonjwa ule ule, halafu wanasema wanamjali yeye na mtoto wake. Kumjali ni kumpa kitu. Hawa wamempa katazo, wamempa lawama ya kubeba endapo mtoto atazaliwa na tofauti yoyote, wakaondoka jukwaani.

Anayedhani hayo ni mambo ya Wamarekani pekee akumbuke tarehe 25 Juni 2025. Siku hiyo wafadhili walikutana Brussels kuichangia Gavi, taasisi inayosaidia kununua chanjo za watoto wa nchi maskini, zikiwemo zetu. Kennedy alituma video akasema Marekani haitatoa fedha, na miongoni mwa makosa aliyoitupia Gavi ni kwamba iliwahimiza wajawazito wachanjwe korona. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma na wa Turkana wamekwisha kuingizwa katika ugomvi huu bila kuulizwa.

Wizara zetu za afya zisikae kimya zikisubiri upepo upite. Kenya iliona mwaka 2014, madai kuhusu chanjo ya pepopunda yalipotoka kwa maaskofu, jinsi shaka inavyoweza kuwafikia akina mama mapema kuliko maelezo ya serikali. Ziseme waziwazi, kwa Kiswahili, redioni na kwenye kliniki, kwamba msimamo wa nchi juu ya chanjo za wajawazito haujabadilishwa na video ya Washington. Zianze pia kupanga fedha za kuiingiza chanjo ya mafua katika kliniki za wajawazito, ambako kwa sehemu kubwa haijafika.

Nawe unayesoma ukiwa na mimba, usikose kliniki, na usiikatae sindano ya pepopunda kwa maneno ya kwenye simu. Ukipata homa pamoja na kikohozi, usiivumilie nyumbani. Muulize mhudumu wa afya dawa na kipimo. Ukianza kubanwa na pumzi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.