Kifafa Kinachoanzia Zizini: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Busia na Tororo

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Busia, Kenya, na Waheshimiwa Wenyeviti wa LC5 wa Wilaya za Busia na Tororo, Uganda.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote watatu kwa barua moja kwa sababu hakuna kati yenu anayeweza kulimaliza jambo hili peke yake. Ni habari ya kifafa, hasa kile kinachomwanza mtu akiwa mzima, ilhali utotoni hakuwahi kuanguka hata siku moja.

Watu hawa mnawajua. Kuna mama asiyeachwa peke yake jikoni kwa kuwa aliwahi kuangukia moto. Kuna kijana aliyenyang'anywa bodaboda, na msichana aliyeacha shule baada ya wenzake kukatazwa kumgusa anapotokwa na povu. Povu haliambukizi kifafa. Kinachoambukiza ni kitu kingine, nacho tunakifuga na kukila.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako watu huishi na nguruwe wanaozurura, asilimia 30 ya visa vya kifafa hutokana na tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama yenye malengelenge ya tegu kabla haijaiva vizuri, mnyoo hukua tumboni mwake, mara nyingi bila kumuuma. Mayai hutoka na choo. Nguruwe akila kinyesi hicho, malengelenge huota katika nyama yake. Lakini mayai hayo hayo yakimwingia binadamu kinywani, kwa mkono usiooshwa, kwa mboga au kwa maji, hupenya hadi ubongoni na kuwa vifuko. Vifuko vinaweza kukaa kimya miaka mingi. Siku vinapoanza kufa, ubongo unavimba na mtu anaanguka.

Kwa hiyo asiyekula nguruwe naye asijione salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu 4 wa jamii ya Wayahudi wa New York, wasiogusa nyama hiyo kwa sababu ya dini, walikutwa na ugonjwa huu ubongoni. Uchunguzi ulielekeza kwa watumishi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu.

Wafanyabiashara wetu wanaujua ugonjwa huu kwa vidole vyao. Mnunuzi akifika bomani, nguruwe hulazwa ubavu, hutiwa kijiti mdomoni, ulimi ukavutwa kwa kitambaa na kupapaswa upande wa chini. Akigusa vinundu, mnunuzi anaondoka au anakata bei. Ukaguzi huo unalinda mfuko wake tu. Nguruwe mwenyewe hatupwi: anachinjwa nyuma ya nyumba bila bwana afya kuitwa, au anafungwa kwenye pikipiki na kuvushwa kwa njia ya panya hadi mahali ambapo hakuna wa kuuliza. Nani atamlaumu mwenye nguruwe, ikiwa karo ya mtoto ilikuwa imebebwa na mnyama huyo mmoja na hakuna fidia?

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafunga nguruwe 10 wa huku magharibi mwa Kenya vifaa vya kufuatilia nyendo zao. Kwa saa 12, nguruwe alitembea wastani wa zaidi ya kilomita 4, na karibu nusu ya muda huo hakuwa bomani kwake. Msimu wa mazao tunawafunga kamba wasile mahindi ya jirani. Mavuno yakiisha tunawaachia. Tunajua kuwafunga, basi, ila tunafanya hivyo kwa ajili ya mahindi.

Sidai kwamba tegu ndiye adui pekee wa ubongo huku kwetu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago na kuchapishwa 2008 ulionyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu katika utendaji wa akili miaka 2 baadaye. Lakini Tororo ilipoanza kunyunyiziwa dawa majumbani mwishoni mwa 2014, malaria ilishuka sana. Kazi ya wilaya nzima kwa wakati mmoja inawezekana, na tumeiona.

Kwa tegu pia njia ipo. Chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, iliyobuniwa Australia, ilijaribiwa Cameroon pamoja na dawa ya oxfendazole, na matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba nguruwe waliochanjwa hawakukutwa na tegu hai. Naomba chanjo hiyo ifike Busia zote mbili na Tororo katika msimu mmoja, kwa maana kuchanja upande mmoja tu ni kupoteza fedha. Naomba machinjio madogo yapate wakaguzi, na mfugaji anayemtoa nguruwe mgonjwa alipwe. Mwenye mnyoo tumboni atafutwe atibiwe, kwa kuwa mayai yanatoka kwake.

Na kabla ya hayo yote, fenobabitoni isikosekane katika zahanati. Ni dawa ya kifafa ya bei nafuu, na mgonjwa anayeikatisha ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko awali. Waiteni daktari wa mifugo na daktari wa watu, wa pande zote mbili, wakae chumba kimoja pale Kituo cha Pamoja cha Mpakani, kisha mtutangazie tarehe ya kuanza.

Wenu,
Mkazi wa Busia